Neno Juu ya Chupa ya Fanta

Sehemu ya tisa

Chupa bado iko mkononi mwa Orlane, nusu imeshanywewa, na mzee Anselme ameshasimama na kufunga vifungo vya koti lake.

Hapo ndipo nilipowaacha Jumapili iliyopita, na nimeambiwa wengine mlilitupa gazeti chini kwa hasira. Liokoteni. Turudi upesi Buyenzi, avenue ya kumi na nne, ndani ya ua wa Kudra mshonaji, ambako mtoto Loïc anatimiza mwaka mmoja na jamaa zake wamekuja kumpongeza huku hawasalimiani.

Aliyelikosa gazeti ajue haya tu. Orlane ni mke wa Sylvère. Sylvère aliteremshwa katika basi kwenye njia ya Buterere miezi kumi iliyopita, mtoto akiwa wa miezi miwili, na hajaonekana tena. Orlane anaishi Buterere kwa shangazi yake, Dévote. Mama mkwe wake, Adélaïde, anaishi Ngagara. Mwaka huo wa 1997, vita vikiwa vimeugawa mji, mtu wa Buterere hakuingia Ngagara akatoka salama, wala mtu wa Ngagara hakuthubutu kukanyaga Buterere. Ndiyo sababu sherehe ilifanyiwa Buyenzi, kwa Waislamu, ambako watu wa pande zote mbili bado waliweza kukaa kwenye benchi moja, hata kama kila mmoja alitazama ukutani.

"Umekunywa, mama Loïc," alisema Anselme.

"Nimekunywa, muzee. Nilikuwa na kiu. Nimetoka Buterere kwa miguu, na mutoto mugongoni."

"Wote mumeona amekunywa?"

"Tumeona!" wakajibu watu wa Ngagara kwa pamoja, kama kwaya iliyofanya mazoezi.

Anselme akakohoa. Alikuwa karani mstaafu wa mahakama na kaka wa Adélaïde, na hakuna arusi ya Ngagara iliyopita bila yeye kusema neno.

"Basi sikia neno ya kinywaji hii. Kaziye hii ya Fanta imetoka kwetu. Haikuja bure. Imekuja kuomba mutoto. Loïc ni damu yetu. Kuanzia leo analala kwetu, atasomea kwetu, atakuwa mwanaume kwetu. Umekunywa, umekubali. Tunakushukuru sana."

Wakapiga makofi.

Orlane aliiweka chupa chini haraka. Lakini Fanta iliyokwisha kufika tumboni hakuweza kuiweka chini.

Kila Mrundi anaijua desturi hii. Mwenye ombi zito haji mikono mitupu. Huleta kinywaji, husimama, husema neno lake. Upande wa pili humtoa mtu wa kujibu. Likijibiwa vizuri, ndipo kinywaji hufunguliwa. Kunywa ni kutia saini. Orlane alilijua hilo tangu utoto. Lakini neno husemwa juu ya mtungi wa pombe wenye mirija! Nani aliwahi kuombwa mtoto kwa Fanta Citron?

Pombe haiingii ndani ya ua wa Kudra. Ndiyo maana kaziye, yaani kreti la soda, ilipoletwa hakuna aliyeshtuka. Na mama mkwe alipomnyooshea chupa baridi, tayari imefunguliwa, Orlane alidhani ni upendo. Machozi yalikaribia kumtoka. Kwa miezi kumi mama yule hakumpa hata salamu.

"Muzee, ni Fanta!" alisema.

"Kinywaji ni kinywaji."

"Na neno halikusemwa mbele!"

"Limesemwa nyuma. Uko na mutu wa kukujibia?"

"Shangazi yangu yuko njiani."

"Njiani wapi?" Adélaïde aliingilia. "Kwenye bariyeri ya askari? Wamemufungia huko? Hata askari wamechoka na harufu ya Buterere."

Wakacheka. Adélaïde alikuwa amekaa kwenye kiti pekee chenye mito, amevaa imvutano ya rangi ya zabibu iliyofungwa begani, na Loïc amekaa mapajani mwake. Alimchukua tangu mlangoni na hakumrudisha. Mtoto hakuwa na neno. Alikuwa ameishika mikunjo ya nguo ya bibi yake na kuichunguza kama mfanyabiashara wa sokoni.

Orlane alinyoosha mikono. "Mama mukwe, nipatie mutoto anyonye."

Adélaïde akageuza bega.

"Amenyonya vya kutosha. Angalia miguu hii! Angalia kifua! Mwaka mzima na bado hajatembea. Kule kwenu mutoto analala na vyura, maji ya mupunga inaingia mpaka chini ya kitanda. Kwangu atalala kwenye kitanda cha baba yake."

"Anakohoa mvua ikinyesha tu."

"Na mvua ya Buterere inaacha lini?"

Wakacheka tena. Orlane alihisi uso unawaka. Akaomba kimoyomoyo, kwa maneno machache, kama mtu aombaye akikimbia: Bwana, nifungie mdomo, unifungulie njia.

Njia ilianza kufunguka, lakini kwa upande ambao asingeuchagua kamwe.

"Tunakata gato," Adélaïde alitangaza. "Mutoto anazima buji, tunaenda. Gari iko kwenye kona."

Gato, keki ya siku ya kuzaliwa, lilikuwa mezani, dogo, la rangi ya maziwa, na mshumaa mmoja katikati. Mwaka ule wa vikwazo sukari ilikuwa imepotea mjini kama haikuwahi kuwapo, lakini Ngagara walijua pa kuipata. Adélaïde alichukua kisu. Kila mtu ndani ya ua alielewa: kisu kikishuka, sherehe imekwisha. Na sherehe ikiisha, mtoto anaondoka.

"Ngoja," alisema Kudra.

Kudra alikuwa mwanamke mfupi mwenye mguu mzito wa kukanyaga cherehani tangu akiwa binti. Orlane na Sylvère walipooana, chumba chao cha kwanza kilikuwa kile cha nyuma ya ua wake. Akamtoa Adélaïde kisu mkononi, kwa adabu, kama anayempokea mgeni mzigo.

"Adhana ya alasiri inakaribia, mama Sylvère. Ndani ya ua wangu hatukati kitu adhana ikilia."

"Sisi si Waislamu."

"Ua ni Mwislamu," Kudra akajibu.

Mtu mmoja kwenye benchi alishindwa kujizuia, akacheka puani. Adélaïde alimtazama mpaka akanyamaza.

Na kweli, kipaza sauti cha msikiti kikakwaruza, muadhini akaanza. Watu wakanyamaza. Hata Anselme alivua kofia yake. Orlane alisimama katikati ya ua akiomba adhana iwe ndefu, akitega sikio kama atasikia miguu ya shangazi yake mlangoni.

Akasikia kitu kingine. Au tuseme hakusikia kitu.

Loïc alikuwa mtoto wa kuongea peke yake. Ba-ba-ba, ta-ta-ta, asubuhi mpaka jioni, hata kanisani wakati wa sala ya kimya. Orlane aliizoea sauti ile kama mtu anavyozoea pumzi zake. Sasa ilikuwa imekatika.

Akageuka.

Uso wa mtoto ulikuwa wa rangi ya majivu. Mdomo wazi. Macho yamemtoka, na mikono midogo inapiga hewa.

"Mutoto!"

"Ana nini?" Adélaïde alimtazama, akamtikisa. "Loïc! Loïc! Maji! Mupatie maji!" Akaikamata ile chupa ya Fanta iliyobaki nusu na kuisogeza kwenye mdomo wa mtoto.

Orlane aliipiga kofi ile chupa. Ikaruka, ikavunjika ukutani. Hakuomba ruhusa tena. Alimpokonya mtoto, akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa chini, kama masista walivyowafundisha akina mama siku za kupima watoto, na akampiga kiganja katikati ya mabega. Mara moja. Hakuna. Mara mbili. Hakuna.

"Unamuua!" Adélaïde alipiga kelele. "Ameua baba, sasa anaua mutoto!"

Bwana, ulinipa wewe. Mara tatu.

Kitu kikaanguka kwenye saruji na kulia, ting.

Loïc akavuta hewa, akanyamaza kidogo kama anayefikiri, kisha akalia. Msomaji, nimesikia kwaya za Pasaka katika parokia nyingi za mji huu, lakini sijui kama kuna wimbo ungemfurahisha Orlane kama kilio kile. Alianguka chini na mtoto kifuani. Muadhini alikuwa bado hajamaliza.

Kudra aliinama, akaokota kile kitu.

Kilikuwa kizibo. Kizibo kipya cha Fanta Citron, kimekunjwa katikati pale kifungulio kilipokibana.

"Haya," alisema Kudra. "Chupa zote zilizo ndani ya kaziye bado zina vizibo vyake. Iliyofunguliwa ni moja tu, ya mama Loïc. Na mtoto hakutoka mapajani mwa bibi yake tangu alipofika. Nani alifungua chupa ile?"



Anselme alivaa kofia, akaivua tena. "Adélaïde. Mi nilikuuliza kwenye gari. Nikasema, lazima afungue yeye, ao mutu wake afungue. Ukasema utamupatia ikiwa na kizibo. Na niliposimama kusema neno, nikakuuliza tena kwa macho, ukaitika. Alifungua yeye?"

"Alikunywa. Si inatosha?"

"Nimeuliza kitu kingine."

Macho ya watu yote yalishuka kwenye funguo za Adélaïde zilizokuwa juu ya meza. Miongoni mwa funguo, kifungulio kidogo cha chuma kilikuwa kinang'aa.

"Nilifungua mi!" Adélaïde akalipuka. "Nilifungua, nikaficha kizibo kwenye nguo. Na nini? Mulitaka nimupigie magoti huyu? Nimubembeleze anirudishie damu yangu?"

"Kinywaji ukiifungua we uliyeileta, bado ni kinywaji yako," Anselme alisema polepole. "Hujamupa mutu kitu. Na mutu hawezi kukubali kitu hajapewa. Dada, umenisimamisha mbele ya watu na neno ya uongo. Miaka makumi tatu nasema maneno ya watu. Sijawahi."

"Kaa chini, muoga!"

"Sikai. Neno yangu nairudisha. Wote mumesikia. Kaziye hii haikuomba kitu."

Watu wa Ngagara, wale wale waliopiga makofi, sasa walitazama viatu vyao.

Mtu angedhani Adélaïde angelia. Hakulia. Alisimama, akanyoosha nguo yake, akamsogelea Orlane pale chini, na aliposema sauti yake ilikuwa ya chini kiasi cha kutisha.

"Sina hata kaburi ya mutoto wangu. Unajua hiyo? Jumapili watu wanapeleka maua, mi napeleka wapi? Walimuteremusha kwenye njia yenu. Watu wa kwenu. Na mutoto yake unataka alale pale pale, akue, awapigie salamu waliomuteremusha baba yake, awaite tonton, wajomba wake. Chupa nilifungua, ndiyo. Ningekuwa na ingine, ningefungua tena."

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Orlane alitamani kumshika mkono mama yule. Lakini mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi, na ndipo lango lilipopigwa teke.

"Fungueni! Kichwa yangu inakatika!"

Dévote!

Aliingia kinyumenyume, jasho linamtiririka, mtungi wa maji ya ndizi kichwani na kapu mkononi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mashamba ya mpunga.

"Askari wa darajani, Mungu awasamehe mi nimeshindwa! Wamenipekua saa nzima. Wamechungulia ndani ya mutungi. Ngata yangu ya majani wameipasua, eti natembeza barua ndani. Nikatengeneza ingine na kitambaa njiani, ndiyo hii. Sasa kuna nini hapa? Mbona munasimama kama watu wa matanga?"

Kudra alimweleza kwa maneno machache. Dévote alisikiliza, mtungi bado uko kichwani, na kila neno lilimfanya arefuke.

"Fanta?" alisema. "Walikuja kuomba mutoto na Fanta? Kwetu Fanta tunapatia mutu ametoka kung'olewa jino!"

Safari hii hata upande wa Ngagara kuna waliocheka, wakajifunika midomo.

"Munasoma, munaandika, munavaa kravati shingoni, na desturi munaiba kama kuku ya jirani. Mama Sylvère, aibu yako. Mi ndiye mujibu wa Orlane. Mulisema hana mutu? Mutu ni mi. Jibu ni hii: mutoto anarudi na mama yake. Mukitaka kumuona, muje na kinywaji yenye kizibo, museme neno mbele, tutawasikia. Na leo munywe maji yetu ya ndizi. Haina ombi ndani. Ni ya sherehe tu."

Anselme aliinamisha kichwa. "Jibu ni nzuri," alisema. "Tumepokea."

Imekwisha hivyo? Orlane alidhani imekwisha. Dévote aliteremsha mtungi kwa msaada wa Kudra, akaitupa ngata yake kwenye mkeka, akaanza kugawa mirija. Kudra aliwasha mshumaa. Loïc hakuweza kuuzima, akautemea mate, ukazimika, watu wakapiga makofi ya kweli. Gato likakatwa. Adélaïde alirudi kwenye kiti chake chenye mito na hakula.

"Tufanye haraka," Dévote alimwambia Orlane. "Saa kumi na moja bariyeri inafungwa. Mufunge mutoto, twende nyumbani."

Nyumbani. Neno tamu. Orlane alimkalisha Loïc kwenye mkeka, akakung'uta kitambaa cha kumbebea. Alimshukuru Mungu kwa kila pumzi. Alimshukuru kwa masista, kwa Kudra, kwa shangazi huyu aliyempokea akiwa na mtoto wa miezi miwili, wakati wengine walifunga milango. Alikuwa ameinua kitambaa mbele ya uso wake anakikunja, akakishusha, akamwona mtoto.

Loïc alikuwa ameipata ngata. Alikuwa ameivuta, imefunguka nusu, na ncha moja ilikuwa mdomoni mwake.

"Ayi, tena!" Orlane aliruka, akamtia kidole mdomoni. Akagusa kitu cha mviringo, kigumu. Akavuta. Hakikutoka peke yake. Kilikuwa kimeshonwa kwenye nguo.

Kilikuwa kifungo. Kifungo kikubwa cha kahawia, cha koti la kike, kimeshonwa kwa uzi mwekundu.

Orlane alikitazama.

Alikitazama tena.

Kifungo kile alikishona yeye mwenyewe. Usiku wa kuamkia siku aliyopotea Sylvère, shati lake la kazini lilikuwa limepoteza kifungo cha tatu, na nyumbani hapakuwa na kifungo kingine ila hiki cha koti la Orlane, wala uzi mwingine ila mwekundu. Sylvère alimcheka. "Wenzangu ofisini watasema nimeoa fundi ya magunia." Akalivaa hivyo hivyo. Akabusu mtoto. Akapanda basi.

Orlane aliikunjua ngata yote. Kola ikatokea. Mkono mmoja. Mistari myembamba ya buluu juu ya weupe.

Akaliweka usoni. Lilinukia sabuni.

"Kudra," aliita. Sauti haikuwa yake.

Kudra alikuja, akashika upindo wa shati, akaugeuza nje ndani kama wafanyavyo mafundi. Akamaka. "Yallah. Mshono huu ni wangu. Nilimshonea siku ya arusi."

Mrija ulianguka kutoka mkononi mwa Dévote.

Adélaïde alikuwa ameshafika. Hakuuliza. Mama hahitaji kuambiwa shati la mwanawe. Alilinyakua, akaliminya kifuani, kisha akamgeukia Dévote, na kile alichokuwa amekizuia tangu asubuhi, tangu miezi kumi, kikatoka chote.

"Mujibu! We mujibu wa watu, jibu sasa! Walimuvua mbele ya kumuua, ao nyuma? Ulichagua? Ulisema, mi munipatie shati, nitabebea mutungi?"

"Mama Sylvère, punguza sauti."

"Sauti? Sauti nitapunguza? Orlane, angalia! Angalia vizuri nyumba unayolala! Mi niliiba kizibo. Huyu ameiba nini?"

Watu walisimama wote kwa pamoja, benchi likapinduka. Mmoja wa vijana wa Ngagara alielekea langoni, labda kwenda kuita wenzao waliobaki kwenye gari. Kudra alimwahi. Alisukuma komeo, akaegemeza mgongo wake.

"Hakuna anayetoka," alisema. "Kwangu hamtaanza vita."

Orlane alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani, Loïc amembana kifuani. Vipande vya chupa ya Fanta vilikuwa vinavunjika chini ya viatu vyake. Upande huu, Ngagara. Upande huu, Buterere. Asubuhi alijua adui ni nani. Sasa alimtazama shangazi yake, mwanamke aliyemlisha miezi kumi, aliyemfunika blanketi, aliyepiga magoti naye kila jioni kuomba Sylvère aonekane. Kila jioni! Na macho amefumba!

"Shangazi," alisema. "Shati hii umeitoa wapi?"

Dévote, aliyekuja kumjibia, aliinama kuokota mrija wake.

"Usiponijibu, mutoto yangu halali Buterere. Na halali Ngagara. Nitalala naye hapa chini, kwenye saruji, na atakayemugusa tutaonana mbele ya Mungu. Shangazi. Umeitoa wapi?"

Dévote aliangalia lango. Akaangalia watu wa Ngagara, mmoja mmoja, kama anayetafuta ni yupi wa kuogopa zaidi. Akakaa juu ya mkeka, karibu na kapu lake. Aliposema, ile sauti yake kubwa ya kuita watu ng'ambo ya mashamba haikuwapo tena. Ilibidi wote waache kupumua ili wamsikie.

"Hakuna mutu alimuvua," alisema. "Aliivua yeye mwenyewe, akanipatia niifue. Alhamisi hii iliyopita."